Orodha ya Waliofika

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, Uvira, halafu shamba likanihitaji kuliko mwalimu alivyonihitaji. Naandika polepole, herufi kubwakubwa. Lakini namba hazijawahi kunitoka kichwani. Ile namba ya tarakimu kumi ambayo Uswidi inampa kila mtu, ambayo bila hiyo hupati hata kadi ya maktaba, ya mjukuu wangu niliikariri siku ileile tuliyoipokea. Daktari akiuliza, naitaja. Ofisi ikiuliza, naitaja kabla hawajamaliza swali. Majivuno yangu yalikuwa hapo, na hapo ndipo waliponikamata.

Tulikuwa wawili ndani ya nyumba, Norsborg, ghorofa ya sita. Mama yake, binti yangu, tulimzika kabla ya safari, kwa hiyo kila karatasi ya mtoto ilikuja kwangu. Mimi ndiye mlezi kisheria, sahihi ni yangu. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mwenye mdomo. Mimi nasema naye Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi, na tunaelewana hivyohivyo. Kiswahili alikitoa akiwa anataka kitu, au akiumwa.

Jumamosi moja nilikwenda Hallunda kununua unga wa muhogo. Katikati ya jengo la maduka walikuwa wamesimamisha meza, mabaluni, na vijana waliovaa fulana za rangi moja wanagawa kahawa na mikate ya mdalasini. Walikuwa watu wa friskola. Friskola ni shule ya kampuni: mzazi halipi, serikali ndiyo inalipa, na malipo yanamfuata mtoto. Mtoto akihama, fungu lake linahama naye. Hayo nayajua leo. Siku ile niliona kahawa ya bure na kiti cha kupumzisha magoti.

Walieleza mengi, nikaelewa nusu. Kisha binti mmoja akanisogezea karatasi na kalamu.

Sasa mnielewe vizuri. Kwetu hakuna mkutano usio na orodha. Kanisani, kwenye mgao wa kambi ya wakimbizi, kwenye semina ya kufundishwa kutumia chandarua, ukifika unasaini. Liste, ndivyo tunavyoiita. Usiposaini ni kama hukufika, na soda hupati. Nimesaini liste tangu nikiwa msichana na hakuna hata moja iliyowahi kunirudia. Nikaandika jina langu. Akaniuliza namba ya mtoto, nikaiimba yote bila kupumua, akacheka kwa kustaajabu, na mimi nikavimba kichwa. Nikasaini. Nikachukua mkate wa pili, wa mjukuu.

Mwezi wa sita barua ikaja. Mtoto akaifungua amesimama mlangoni, na koti bado analo mwilini.

“Koko,” akasema, ndivyo kwetu tunavyomwita bibi, na kwa Kiswahili, “umenihamisha shule?”

Nilikuwa nakata sombe, majani ya muhogo. Kisu kikasimama. Ningeweza kusema hapohapo kwamba pale Hallunda sikujua nasaini nini. Lakini macho yake yalikuwa yanawaka. Barua ilisema kila mwanafunzi atapewa kompyuta yake, atajipangia masomo mwenyewe, na nafasi yake katika shule ya zamani tayari imeachiwa mwingine. Akanikumbatia na barua yake mkononi. Hakuna mtu katika darasa lao, alisema, ambaye nyumbani walikaa wakafikiri ni shule gani inamfaa.

“Ndiyo,” nikasema. “Nimekuchagulia.”

Huo ndio uongo wangu. Ulikuwa na ladha nzuri siku ile.

Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu wa shule yake ya zamani, ya manispaa, mwanamke mwenye nywele fupi nyeupe, alipiga simu kuuliza kulikuwa na tatizo gani. Kama ningesema ukweli, angerekebisha. Nikamwambia, kwa Kiswidi changu cha jikoni, kwamba shule yake inawaweka watoto weusi nyuma ya darasa. Sikuwa na ushahidi wowote. Akasema pole, akakata.

Shule mpya ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la mazulia. Mimi nilikuwa nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, na mahali napapima kwa jiko lake. Siku ya kwanza nilitafuta jiko nisilione. Chakula kilikuja na gari, ndani ya visanduku vya foili, kimepoa pembeni. Hakukuwa na uwanja wala maktaba. Kulikuwa na makochi ya kijani na kuta za kioo. Nikanunua begi jipya, nikamwambia kila mtu kanisani kwamba mjukuu wangu anasoma shule ya kuchaguliwa. Mama mmoja wa Bujumbura, rafiki yangu wa kwaya, akaniambia na wake yupo hukohuko. Tukawa tunajivuna pamoja.

Mwaka wa kwanza ukapita. Mwaka wa pili, darasa la tisa, ndio wa mwisho, na bila kufaulu Kiswidi, Kiingereza na hesabu mtoto haingii sekondari ya juu kama wenzake. Nilimwuliza nani anamfundisha hesabu. Akasema, hakuna, Koko, mtu anajifundisha. Mwalimu wa kwanza aliondoka Pasaka, wa pili hakumaliza mwezi, wa tatu alikuwa wa michezo. Kwenye kompyuta kulikuwa na mpango wa wiki wenye vidoa vya kijani, na vyote vilikuwa kijani. Nikampa tatizo la jikoni: wazee arobaini na wawili, kila mmoja robo tatu ya lita ya supu, nipike lita ngapi? Akatafuta simu. Mimi jibu nilikuwa nalo kabla hajaiwasha. Niliingia bafuni nikafungua bomba ili asinisikie nikilia.

Mwezi wa kumi na moja tuliitwa kwenye mkutano, saa kumi na mbili jioni, chumba kile cha makochi ya kijani. Walezi walijaa mpaka mlangoni. Mbele alisimama bwana kutoka makao makuu ya kampuni, mwembamba, skafu shingoni ingawa ndani mlikuwa na joto. Mjukuu wangu alikaa kando yangu kunitafsiria, kama siku zote. Bwana akasema shule hii inafungwa Krismasi, kwa sababu wanafunzi hawatoshi kulipa pango. Lakini hakuna haja ya wasiwasi. Kampuni ina shule nyingine Hässelby, nafasi zipo, na wanatuletea karatasi ili kurahisisha mambo kwa wote.

Hässelby. Kutoka kwetu, mwisho wa treni nyekundu, mpaka mwisho wa treni ya kijani, mji mzima katikati, asubuhi na jioni, kwa mtoto mwenye mtihani wa hesabu.

Karatasi ikaanza kuzunguka. Ilikuwa imebanwa kwenye ubao mdogo wa mkononi, na kalamu imefungwa kwa uzi. Ikatoka kiti cha kwanza kwenda cha pili, na kila mtu akainama, akaandika, akampa jirani. Hakuna aliyesoma. Naijua ile namna ya kuinama. Mama mmoja wa Bukavu, miwani yake aliiacha nyumbani, alimwuliza jirani asaini wapi, akaonyeshwa, akasaini. Ilikuwa liste ileile.

Iliponifikia nilimwambia mjukuu asome pale juu, maandishi madogo. Akasoma. Kisha akaniambia: inasema mlezi anachagua mwenyewe kumhamishia mtoto Hässelby kuanzia Januari.

Nikasimama. Sikupanga kusimama. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya jikoni, kwamba waliosaini wasome kwanza, na wasiosaini wangoje. Vichwa vikageuka. Mjukuu akasimama naye, akatafsiri, uso umemwiva kwa aibu.

Yule bwana hakukasirika. Alitabasamu, akafungua kompyuta yake, akasema hakuna anayelazimishwa. Akaongeza kwamba kwa upande wangu anashangaa kidogo, maana mimi ni miongoni mwa waliowachagua mapema kabisa, sahihi yangu anaiona hapa, na namba ya mtoto imeandikwa bila kosa hata moja.

Watu wakanitazama. Ningekaa, ingeishia pale. Mtoto angepanda treni Januari na mimi ningebaki bibi aliyemchagulia mjukuu wake shule. Nilimtazama alivyosimama kando yangu, anangoja maneno yangu ili ayapeleke mbele, kama alivyofanya tangu ana miaka saba, hospitalini, benki, kila mahali.

“Mwambie sikuchagua,” nikasema. “Mwambie nilidhani ni liste ya waliofika, kama ya kanisani, usiposaini soda hupati.”

Hakutafsiri.

“Koko, ulisema ulinichagulia.”

“Nilikudanganya. Nilisaini nipate mkate wa mdalasini. Mwambie.”

Bwana mwenye skafu akauliza bibi anasema nini. Mtoto akageuka mbele, akasema yote kwa Kiswidi, moja baada ya lingine, liste, kanisa, soda, mkate. Hakupunguza kitu. Alipofika kwenye uongo wangu sauti ilimpasuka, lakini akaumaliza.

Halafu kutoka nyuma, kwa Kiswahili, nikamsikia rafiki yangu wa Bujumbura:

“Dada, mimi nilikula miwili.”

Wachache wakacheka, kicheko kibaya, cha watu wanaojijua. Mama wa Bukavu akainuka, akaomba ubao urudi, akakata jina lake mistari mitatu. Wengine wakafuata. Si wote. Bwana alikuwa anasema kwamba hizi ni taratibu za kawaida, na huenda zilikuwa za kawaida, kwa sababu baadaye mtu wa siasa alikuja kutuambia kwamba sheria inampa mzazi uhuru wa kuchagua, na hiyo karatasi ndiyo uhuru wenyewe. Nilimwuliza kama yeye amewahi kuchaguliwa na watu waliodhani wanasaini kahawa. Akatazama saa.

Tulirudi nyumbani. Mtoto alitembea mbele, hatua kumi. Kwenye lifti alitazama vitufe. Chakula alikula chumbani.

Asubuhi nilivaa kitenge changu kizuri, nikaenda naye shule ya manispaa. Mwalimu mkuu mwenye nywele nyeupe alitukaribisha akiwa amesimama, na sikumlaumu. Nilimwambia yale ya watoto weusi nyuma ya darasa niliyatunga. Mjukuu alitafsiri hilo pia. Mwalimu mkuu akasema darasa limejaa, tangu zile meza za Hallunda hajui kila Agosti atapata watoto wangapi, lakini mtoto anakaa mtaa huu na nafasi ni haki yake. Atakaa kwenye meza ya ziada karibu na dirisha. Na mwalimu wa hesabu, nikauliza. Yupo, akasema, miaka kumi na tisa yupo, na anachosha.

Akaleta fomu. Akaweka kalamu juu yake.

Niliishika na mkono haukwenda. Nilikaa hivyo, mwanamke mzima, mpishi wa watu arobaini na wawili, nimeganda mbele ya mstari mtupu. Mwalimu mkuu akasema hakuna haraka. Mjukuu akaivuta fomu kwake. Nilidhani anainyang'anya. Akaanza kuisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, Kiswahili chake kilichovunjika cha mtoto wa Norsborg, kuanzia jina la shule, anwani, kila mstari, mpaka maandishi madogo ya chini ambayo hata Waswidi hawayasomi. Neno lililomshinda alilizunguka. Alipofika kwenye namba yake aliacha nafasi, akaningoja. Nikaitaja.

“Hapa,” akasema, akaweka kidole. “Hii ni ya shule, Koko. Kweli.”

Nikasaini.

Alama ya hesabu ilikuja Juni. Ilikuwa ya chini kabisa inayofungua mlango wa sekondari ya juu, na mlango ulifunguka. Aliisoma barua mezani, na nilimwambia airudie tangu mwanzo, na anwani pia.