Kazi ilikuwa kubuni rangi. Nikabuni, nikapigwa sapu!

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo. Nayoandika ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi mtaiona wenyewe, huwa siifichi.

Mimi ni fundi wa kupaka rangi nyumba, niko Kizwite, Sumbawanga. Kuta nilizopaka ukizipanga mstari mmoja zinavuka mpaka wa Zambia na nyingine zinabaki.

Mkandarasi mmoja aliniambia, "We fundi, lete cheti cha uchoraji wa majengo nikupe ufomeni, usimamie wenzako." Nikajiandikisha masomo ya jioni. Mwaka mzima natoka saiti na rangi kwenye nyusi, naingia darasani. Baridi ya huku mnaijua, penseli zilikuwa zinatetemeka zenyewe.

Ikaja kazi ya mwisho. Mwalimu akatwambia, "Choreni jengo kwa maumbo matupu. Hakuna mlango, hakuna dirisha. Rangi msipange. Weka ya kwanza, yenyewe ikuambie inayofuata."

Wakuu, nilitaka kumkumbatia!

Hiyo si ndiyo kazi yangu? Rangi ya mteja ikiisha katikati ya ukuta, unachanganya mabaki ya makopo matatu na nyumba inatoka ya waziri.

Nikachora jiko la mama yangu kule Mwazye, na kihenge chake cha mahindi. Mraba, duara, pembetatu. Nikaanza na nyekundu ya ule udongo anaosiribia ukuta. Nyekundu ikadai kijivu cha moshi. Kijivu kikadai njano ya mahindi.

Mara tone la bluu likadondoka juu ya paa.

Kasiani, niliyekaa naye dawati moja, akashika kichwa. "Umekwisha, mshikaji!"

"Tulia."

Nikainamisha karatasi, bluu ikatiririka pembeni ya kihenge, ikawa mvua inakuja. Darasa zima likasimama kutazama. Mwenyewe ilibaki kidogo nilie.

Matokeo yakatoka. Sapu, nirudie mtihani. Darasa zima, mimi peke yangu.

Nikamfuata mwalimu. "Shikamoo mwalimu. Nimekosea wapi?"

Akafungua droo, akatoa mchoro wake. Ghorofa la maboksi, chungwa na zambarau. "Mfano ndio huu. Wako haufanani."

"Lakini mwalimu, ulisema tusipange."

"Nilisema msipange. Sikusema mkosee."

Jamani!

Kumbe wenzangu wote walishaupata ule mchoro kwa waliotutangulia, wakaukariri mpaka unene wa mistari. Kasiani naye! Namuuliza, ananicheka: "Kaka, we ulikuwa unasoma wapi? Hapa kila mwaka ni chungwa na zambarau."

Nikapanda kwa mkuu wa chuo na karatasi yangu. Akaitazama weee, akasema, "Mzuri sana huu." Halafu akanirudishia. Eti mwenye maksi ni mwalimu, sapu wiki ijayo.

Nikikataa, mwaka mzima umeenda na ufomeni anapewa mwingine. Nililala na hasira mpaka godoro likapata moto.

Siku ya sapu nikakaa, ule mchoro nimeshaukariri kama wenzangu. Chungwa. Zambarau. Chungwa. Nilinakili kila boksi, hata pale mwalimu alipopitiliza mstari na mimi nikapitiliza.

Karatasi ikarudi na wino mwekundu: "Ubunifu mzuri. Umejirekebisha."

UBUNIFU, wakuu!

Cheti ninacho, ufomeni ninao. Lakini kila nikikitazama kile cheti damu inachemka, na si kwa mwalimu tu. Yeye alidai nakala, aliyeichora ni mimi, kwa mkono huu huu.

Nilichojifunza: mtu akikwambia jiachie, uko huru, muulize mapema huo uhuru kautunzia droo gani.

Haya, uwanja wenu. Ungekuwa wewe ungekaa kwenye ile sapu au ungeondoka? Nipingeni, nichekeni, ruksa. Ila wa kuja kunipoza apite kimya kimya, bado sijamaliza kukasirika.