Jiko Lililoitwa Bibi

Nililipa jiko letu la mafuta jina la Bibi kabla hata arobaini ya marehemu bibi yangu haijafika. Tuliachiwa jiko hilo na karani wa Bwana Misitu, Mwingereza aliyesimamia misitu, na ukilipiga pampu lilikohoa mara mbili, kama bibi alipotaka chai. Watoto wote wa kwetu Kiongoroni wakalidaka jina: "Bibi kawaka?" Mama alinikataza huku akilia. Nikazidi, maana bibi alikuwa mtani wangu, akiniita mume wake.

Alasiri moja jiko lilikuwa baridi, halina tone la mafuta, hakuna aliyeligusa. Likakohoa mara mbili.

Mama hakugeuka. Akasema, "Haya, kamtengee mkeo chai. Hapendi kungojeshwa."