Makaburi Chini ya Mwamba Mweupe

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na ingawa hujazaliwa, na mimi mwenyewe bado niko kidato cha sita, nakuandikia sasa, maana kwa mdomo sijui kama nitaweza. Aibu yangu huenda ukairithi.

Mwalimu wa historia alitutuma kila mmoja atafute kijiji kilichohamwa, akiweke kwenye ramani ya mtandaoni. Nilishinda maktaba ya mkoa pale Shinyanga hadi mkutubi akaanza kuniita "mpangaji wangu". Kwenye ramani moja ya zamani, iliyochanika mikunjoni, nikaona jina la kijiji cha ukoo wetu, upande wa Nyarugusu, kwenye machimbo. Nikailaza juu ya picha ya satelaiti. Mto ulikaa palepale. Mahame nikayapata, na makaburi.

Likizo nikamwonyesha Guku, ndivyo tunavyomwita babu. Akaishika simu mbali na macho.

"Hapa ndipo alipolala mama yangu." Akasogeza kidole juu ya kioo. "Na hiki chekundu?"

"Alama, Guku. Nikibonyeza, watu wote wanaiona."

"Wote nani?"

"Yeyote mwenye simu."

"Vijana wa kwenye machimbo wana simu?"

Nikacheka. "Guku, wanazo mbili mbili!"

Yeye hakucheka. "Hapo chini umeandika nini?"

Nilikuwa nimeandika, tena kwa kujivuna: makaburi yapo chini ya mwamba mweupe. Na kwetu, mwanangu, hata mtoto anajua mwamba mweupe hufuatwa kwa sababu ya dhahabu. Habari ikivuma asubuhi, jioni sururu zimefika.

"Mchungaji anawajua ng'ombe wake wote," Guku akasema taratibu, "lakini hawaelekezi wezi zizi lilipo. Unataka wamfukue mama yangu?"

Nilitaka kumjibu kwamba mficha uchi hazai, na kwamba maksi zangu zitapotea. Sikuthubutu. Nikafuta alama, badala yake nikatia rangi vilima vyote kuanzia mtoni hadi barabarani, nikaandika masimulizi yale tu aliyoniruhusu.

Darasani mwalimu akauliza, "Mbona kijiji chako hakina mahali?"

"Mahali napajua, mwalimu. Wenyewe wameomba pasionekane."

"Leo bubu kasema!" Shija akapiga kelele nyuma, darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaniambia niiandike sentensi ile chini ya ramani. Maksi alipunguza hata hivyo, sikufichi.

Basi, mwanangu, ingia maktaba, vumilia vumbi lake, linganisha ramani ya jana na ya leo. Usiogope kujua. Ila kabla hujawatangazia watu, mtafute mwenye kaburi umuulize. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na maji yakimwagika hayazoleki.

Guku bado anakwenda kufyeka majani pale, akiniacha nimshikie fimbo. Mungu akukuze, akupe macho ya kuona mbali na moyo wa kutunza. Na siku nitakapokupeleka, akujalie uukute udongo ule haujaguswa.