Wajukuu Walioachwa Nje ya Utepe

Tulikuwa tukihamisha habari za familia za wachimbaji kutoka kumbukumbu ya mashine hadi kwenye utepe wa sumaku, katika ofisi ya kompyuta katikati ya Lubumbashi. Asiyekuwemo kwenye utepe hangetibiwa hospitali ya kampuni. Hilo tulilijua sote, na bado tuligombana.

Programu ya mkuu wetu haikuwa na mwisho. Nilimweleza sababu: rekodi ya baba inaelekeza kwa mtoto, ya mtoto inaelekeza kwa baba, na mashine, kwa utii wake, inaandika baba, mtoto, baba, mtoto, mpaka utepe unaisha. Dawa yake ni nyepesi, hata asiyewahi kugusa kompyuta ataielewa. Ukikutana na mtu mara ya kwanza, mpe namba na umwandike; ukikutana naye tena, andika namba tu. Wakati wa kusoma, namba itakurudisha kwa mtu yuleyule.

Mkuu alijibu kwamba huko Kasapa, chuoni nilikotoka, hawafundishi heshima. Kisha, mbele ya wenzangu, akiniita raia kwa Kifaransa kama serikali ilivyotaka: "Citoyen, bantu beko na majina. Namba ni ya bafungwa."

Akaamuru tumtambue mtu kwa jina: jina likishaandikwa, atakayekuja nalo arukwe. Nilimkumbusha kwamba kwetu mjukuu hupewa jina la babu, na tangu serikali ilipopiga marufuku majina ya ubatizo hakuna kinachowatofautisha. Wenzangu walicheka. Mmoja aliuliza kama babu yangu naye alikuwa programu.

Safari hii kazi iliisha haraka, utepe ukapelekwa hospitali. Baada ya siku chache mama mmoja wa mtaa wa Makomeno alisimama mlangoni petu, mtoto mgongoni akiwaka homa. Hospitali ilikuwa imewarudisha. Mashine ilimjua babu, mtoto haikumjua.

"Chef, mutoto anabeba jina ya nkambo yake," alisema. "Ulitaka nimupatie jina ya nani? Ya kwako?"

Hakuna aliyecheka. Mkuu alinitupia ufunguo wa chumba cha mashine. "Tia namba zako. Ikikwama, usirudi tena hapa."

Haikukwama. Mashine iliponyamaza, mtoto alikuwemo, jirani na babu yake, kila mmoja na namba yake. Nilibeba utepe mwenyewe hadi hospitali, mama akinifuata, na nikangoja mpaka wakampokea mtoto. Niliporudi ofisini nilikuta meza yangu imetolewa nje, koridoni, kwa amri ya mkuu.