Ukikwama, Rukuu

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa macho ya kusomea, na macho yalipochoka akanipa miwani, na miwani inapopotea nina mke ambaye siku zote anajua iko wapi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu na wote waliomfuata kwa wema. Baada ya shukrani hizo, nataka kueleza jinsi binti yangu alivyojiandaa na mtihani wa kuingia chuo kikuu, na jinsi mimi nilivyojiingiza katika maandalizi hayo, pengine bila kuitwa.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Vijana wakisikia hivyo hunisalimia kwa heshima kubwa mno, wakidhani nina ofisi yenye kiyoyozi. Kwetu sisi watu wa zamani chuo ni madrasa: jamvi, juzuu zilizochanika pembe, na watoto wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni kila wakifika aya ngumu. Nimefundisha hapa Morogoro, chini kabisa ya mlima, tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Chuo changu ni kidogo, wala sijawahi kudai kuwa ni kikuu.

Binti yangu wa mwisho ni bibi shamba kule Mgeta. Anawaelekeza wakulima wa kabichi, karoti na njegere kwenye miteremko ambayo ukidondosha kiazi unakwenda kukiokota kwa jirani. Cheti cha kilimo anacho, na kazi anaijua, lakini amechoka kuwaambia watu "nitawauliza wakubwa" kila kabichi zao zinapooza. Anataka shahada, ajue magonjwa ya mimea mpaka mizizini. Kidato cha sita hakufika, kwa hiyo mlango wake ulikuwa mmoja tu, mtihani wa watu wazima. Waombaji wengi, nafasi chache. Mwaka uliotangulia aliufanya akakosa. Safari hii walikubaliana na mumewe kwamba ni ya mwisho. Akikosa, atabaki na kabichi zake na hataligusa tena jambo hilo.

Habari za maandalizi nilizipata kwanza kwa mkwe wangu, kwa simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko juu?"

"Hatujambo, baridi tu. Mama watoto ndiyo haonekani siku hizi. Akitoka shamba anapiga msuli tu."

"Anapiga nini?"

"Msuli, baba. Wana grupu lao kwenye simu, wote wanapiga msuli."

Ninavyojua mimi, mtu akipiga suti amevaa suti, akipiga kanzu amevaa kanzu. Na msuli ni vazi la mwanamume, lile la kujifunga kiunoni. Ninalo la mistari ya bluu, na wakati ule nilikuwa nimelivaa.

"Hao wenzake," niliuliza taratibu, "ni wanawake au wanaume?"

"Mchanganyiko, baba."

"Na wewe mumewe umeruhusu?"

"Mimi ndiye niliyemshauri! Nilimwambia, bila kupiga msuli hutoboi."

Niliaga, nikamwendea mke wangu jikoni, nikamwambia mtoto wetu ameharibikiwa huko mlimani na mumewe ndiye anayemvisha. Mke wangu huuza vitumbua karibu na shule, na lugha ya vijana anaipata bure. Alicheka mpaka akatafuta kigoda akae.

"Kupiga msuli ni kusoma kwa bidii, mzee wangu. Wewe ulidhani nini?"

Sikumwambia nilidhani nini. Alijua.

Ramadhani ilipoingia, binti yangu alichukua likizo, akashuka kwa lori la kabichi, amekaa mbele na dereva, begi la karatasi mapajani. Watoto aliwaacha kwa baba yao. Mtihani ulikuwa baada ya Idi, hapa hapa mjini, na kwetu hakuna mtu wa kumgongea dirisha kumwuliza juu ya wadudu wa nyanya.

Kesho yake asubuhi alitandaza mitihani ya miaka iliyopita kwenye jamvi la chuo changu, kabla wanafunzi hawajaja, akaanza kuitenga mafungu.

"Haya ni ya mteremko," alisema. "Nayajibu hata nikiwa na usingizi. Haya ni ya kupanda mlima, yanataka jasho. Na haya hapa nimeyasamehe."

"Umeyasamehe? Yalikukosea nini?"

"Baba, siwezi kusoma kila kitu. Muda hautoshi. Nasoma yale yanayotoka mara kwa mara na yenye alama nyingi. Yaliyobaki namwachia Mungu."

"Mungu hakukuomba umsaidie kubeba," nilisema. "Kitabu kinasomwa tangu jalada mpaka jalada."

"Hiyo ni khitma, baba. Mtihani si khitma."

Mimi watoto wangu wote niliwafundisha kwa njia moja: huendi aya ya pili mpaka ya kwanza imenyooka. Ukikosea, unarudia. Ukikosea tena, unarudia tena, hata jua likizama. Huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa mvumilivu kuliko wote. Angekaa na aya moja mpaka wenzake wameshaondoka, ametulia tu, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Mke wangu ndiye aliyenionyesha tatizo lilipo. Binti yetu alimwomba awe msimamizi wa mtihani wa majaribio, na mama huyo aliupokea wadhifa kwa mikono miwili. Alimkalisha mezani, akamkagua mpaka pindo la khanga, akamnyang'anya simu, akakaa mlangoni na mfuniko wa sufuria na upawa.

"Mama, naomba maji."

"Umefunga. Andika."

Muda ulipokwisha aligonga mfuniko kwa nguvu hata kuku wakatawanyika. "Kalamu chini! Wewe, kalamu chini nimesema!"

Nilisogea kutazama. Swali la kwanza, la hesabu, lilikuwa limejazwa karatasi nzima, limefutwa, limejazwa tena. Maswali ya mteremko, yale ya kujibu na usingizi, yalikuwa hayajaguswa.

"Ndivyo ilivyokuwa mwaka jana?" nilimwuliza.

Aliinamisha kichwa. "Ndivyo. Kengele imelia niko swali la kwanza na nusu ya la pili. Najua nilipaswa kuliacha, baba. Mkakati ninao. Mkono ndio haukubali kuondoka."

Mke wangu alinitazama mimi, si yeye. Kisha akaingia jikoni kuchambua mchele wa futari, na kila punje aliyoitoa niliisikia ikianguka kwenye sahani.

Walirudia majaribio, mfuniko ukaanza kubonyea. Siku nyingine alifika swali la tatu, siku nyingine hakutoka la kwanza. Mumewe naye alipiga simu kutoka Mgeta kuuliza maharage yanawekwa chumvi lini, na akaongeza kwa sauti ndogo, "Baba, anaendeleaje? Huku watoto wanauliza kama mama ameshakuwa profesa." Nilimwambia wamwombee, na chumvi iwekwe mwishoni.

Sasa nifike kwenye usiku mmoja wa sala ya tarawehe.

Msikiti wetu ni mdogo, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Imamu wetu alishikwa na mafua, nikatangulizwa mimi. Nilianza vizuri, alhamdulillahi, sauti imetulia. Katikati nikafika kwenye aya inayofanana na nyingine iliyo katika sura nyingine, na ulimi ukachukua njia isiyo yake. Niligundua, nikarudi mwanzo. Nikafika pale pale, nikapotea tena. Nyuma yangu muadhini akanong'ona kunikumbusha. Wakati huo huo mzee mmoja asiye na meno akanikumbusha naye, kwa sauti, jambo lingine kabisa. Nikawa kama mgeni aliyeuliza njia akaelekezwa na watu wawili wanaobishana. Nilirudia mara ya tatu, nikakwama pale pale. Sehemu ya kutosha nilikwisha kuisoma. Nikatoa takbira, nikainama kurukuu, sala ikaendelea.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mke wangu alikuwa anafanya juhudi kubwa asicheke. Binti yangu yeye alikuwa amezama kwenye mawazo.

"Baba," alisema, "leo pale ulipokwama..."

"Sikukwama. Nilikuwa natafakari."

"Ulitafakari aya moja mara tatu?"

"Ni aya nzito."

"Halafu ukarukuu."

"Ulitaka nifanye nini? Nyuma yangu kuna wazee wenye magoti mabovu. Ningewasimamisha mpaka daku?"

"Na ile aya?"

"Nitaitazama nikifika nyumbani. Haikukimbia, ipo kwenye msahafu."

"Na sala ilikuwa sahihi?"

"Sahihi kabisa. Rakaa zilizobaki zinahitaji imamu, haziwezi kumngoja amalize ugomvi wake na aya moja."

Nilipoyasema hayo nilisimama. Yeye pia alikuwa amesimama. Mke wangu alitupita, akasema bila kugeuka, "Nyie bakini hapo hapo mtafakari. Mimi naenda kupasha uji."

Kumbe miaka yote niliwafundisha watoto kukaa na aya jamvini, ambako muda haumdai mtu, na nikasahau kuwafundisha kwamba mbele ya watu, sala inaendelea. Hayo ni mambo mawili. Jamvini, rudia. Mihrabuni, ukikwama, rukuu. Nilimwambia hivyo pale njiani, na nikamwambia pia kuwa kuliacha swali gumu si kulidharau. Ni kuwatendea haki yanayongoja nyuma yake.

"Basi nipe ruhusa," alisema. Alikuwa hatanii. Mwanamke mwenye watoto wawili, anayesikilizwa na wakulima wa mlima mzima, alisimama barabarani akiingoja ruhusa ya mwalimu wake wa chuo.

"Ruhusa unayo," nilisema. "Tangu leo."

Kuanzia hapo majaribio yalibadilika. Mimi nilikaa pembeni, na kila nilipoona kalamu imeganda nilisema, "Rukuu!" naye anageuza ukurasa. Mwanzoni aligeuza kwa uchungu, kama mtu anayemwacha mtoto analia. Kisha akazoea. Aligundua kwamba akirudi baadaye kwenye lile swali la kwanza, mara nyingi limelainika lenyewe. Mke wangu alilalamika kuwa sasa nampora kazi ya usimamizi, na kwamba mtihani wenye watu wawili wa kupiga kelele haupo duniani.

Siku ya mtihani nilimsindikiza mpaka getini, nikakaa nje na wasindikizaji wengine. Bwana mmoja alikuwa amemleta mkewe, ananifariji eti mtihani huo ni mgumu na wengi hukosa. Nilimshukuru kwa faraja yake. Mawingu yalikuwa yameufunika mlima, na mimi nilivuta tasbihi bila kuhesabu.

Walipotoka, nilimtafuta usoni kwanza. Alikuja anacheka.

"Swali la kwanza?" niliuliza hata kabla ya salamu.

"Nilirukuu."

"Halafu?"

"La nne nalo nilirukuu. Ila baba, nilijisahau nikasema kwa sauti. Msimamizi akaja, 'Wewe mama, unasema na nani?' Nikamwambia, 'Samahani, mwalimu, nasema na mkono wangu.'"

"Na uliyoyaacha uliyarudia?"

"La nne nililimaliza. La kwanza nililifikisha nusu. Lakini yale mengine yote nimeyajibu, baba. Yote. Kengele imelia kalamu iko mezani."

Tulingoja matokeo muda mrefu, naye akarudi Mgeta kwenye njegere zake. Subira hiyo sitaieleza. Kila mzazi anayo ya kwake. Simu ilipokuja nilikuwa katikati ya somo, na mtoto mmoja alikuwa anaomba kwenda chooni. Ni mkwe wangu, na safari hii hata shikamoo aliisahau.

"Baba! Mama watoto katoboa! Amepata nafasi!"

Nilisujudu pale pale kwenye jamvi. Wanafunzi wangu, wakidhani ni sehemu ya somo, wakasujudu wote, isipokuwa yule aliyekuwa anaomba ruhusa, aliyeitumia nafasi hiyo kutoka mbio.

Siku aliyoshuka kuanza masomo nilimpa zawadi. Alifungua mfuko, akakuta ule msuli wangu wa mistari ya bluu, umefuliwa na kupigwa pasi.

"Wa nini huu, baba?"

"Nimeambiwa huko chuoni kwenu lazima mtu aupige."

Mke wangu alilazimika kutafuta kigoda tena.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akufungulie pale ulipokwama, akuondoshe kwa wema pale usipopaswa kukaa, na yale uliyoyaacha njiani uyarudie siku moja uyakute yamelainika. Amina.