Mume wangu kaniambia nichague: yeye au kipimo cha moshi

Dada wa ukurasa huu, jina langu lifiche, lakini hasira yangu iache kama ilivyo. Nina miaka ishirini na tisa, Mzaramo, mzaliwa wa hapahapa Temeke, mke wa fundi magari wa Keko. Na mimi ni fundi. Aliyenifundisha ni huyohuyo mume wangu, alipoona nashinda gerejini kuliko jikoni, na nasema wazi kwamba alinifundisha vizuri.

Tangu magari ya Japani yaanze kumiminika, kazi imekuwa tele. Mume wangu anasifika kwa sikio. Anainama juu ya injini, anafumba macho, anazungusha skrubu ya kabureta, anasema "hapo", na kweli inakuwa hapo. Lakini tuna mteja mmoja mwenye gari la mashindano. Likiwa limesimama linaunguruma vizuri kabisa. Ukilipandisha mlima wa Pugu kwa kasi, pistoni inaungua. Tumeifungua injini ile mara mbili, na mara zote mume wangu alilaumu mafuta ya kituo.

Kaka yangu ni baharia. Alirudi kutoka Japani na sensa mbili za oksijeni, vifaa vinavyofungwa kwenye bomba la moshi kupima hewa inayobaki mafuta yakishaungua. Akaniambia nichague moja. Ya kwanza inakwambia tu mafuta yamezidi au yamepungua, basi. Ya pili ina nyaya nyingi na geji yake, inakupa namba kabisa: hewa ni sehemu ngapi kwa sehemu moja ya mafuta. Nikachukua ya pili. Kujua mtoto ana homa ni jambo moja, kujua homa imefika ngapi ni jambo jingine.

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu kaka aliponionya: "Sikiliza mdogo wangu, petroli yenu hii ina madini ya risasi, yanaua hiki kidude. Funga, pima, fungua, weka kabatini."

Mume wangu akacheka mpaka mafundi wenzetu wakageuka. "Mie nna masikio mawili, we unaniletea pua ya bati?" Nikacheka naye. Mteja alipokuja nikamwomba ruhusa, akakubali. Nikatoboa bomba karibu na injini, nikachomelea nati upande wa juu ili maji ya moshi yasituame kwenye sensa, nikaifunga. Mume wangu alisimama pale amekunja mikono.

Tukapanda Pugu, mteja akiendesha, mimi macho kwenye geji. Mguu wake ulipozama kwenye mafuta, namba ikaruka hadi kumi na tano. Hewa imezidi, mafuta hayatoshi, na ndicho kilichokuwa kinaunguza pistoni. Nikabadilisha jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha petroli, nikaweka vipana zaidi, tukapanda tena, nikabadilisha tena, mpaka namba ikatulia kumi na mbili na nusu. Tuliporudi, mteja akashuka akasema mbele ya gereji nzima, "Leo nimepata fundi!" Neno hilo ndilo lililoniponza.

Nikaifungua sensa, nikaiweka kabatini. Baada ya muda nikaikosa. Nikaikuta imefungwa kwenye pikapu yetu, mume wangu anazunguka nayo mpaka Kibamba kwa petroli ileile ya risasi. Geji imeganda palepale, haipandi, haishuki. Wala hakujificha. "Umeona? Kidude chako kimekufa. Sikio langu lipo."

Nilipiga kelele mpaka maseremala wa jirani wakaweka randa chini. Naye akanijibu mbele yao: "Chagua. Kidude au mie."

Wakwe wakamtuma somo wangu, yule aliyenifunda nilipoolewa. Alikaa mkekani akanishika mkono. "Mwanangu, mume hapimwi mbele za watu."

"Somo, sikumpima mume. Nilipima moshi."

"Basi moshi wako umejaa mtaa mzima. Kamwombe radhi."

Nilimmiminia chai kwa heshima zote, na radhi sikwenda kuomba. Niombe radhi ya nini? Gari lile linapanda Pugu mpaka leo. Sensa nyingine kaka ataleta, hiyo hainilizi. Kinachoniuma ni kwamba mume wangu alijua risasi itaiua, akaiua makusudi, kuliko kukubali kwamba mkewe ameona kitu ambacho yeye hakukisikia.

Bado nampenda, na hilo nalo sitaliombea radhi. Ila kazi siachi. Kaka amenitafutia upenu Gongo la Mboto nifungue gereji yangu. Na hapa Keko kuna banda tupu, linatazamana na la mume wangu, barabara tu katikati.

Sasa wasomaji, nishaurini, ila ya radhi msinirudishie. Niende kule mbali nimstahi? Au nifungue hapahapa, hilo sikio lake liwe linasikia magari yangu yakiondoka?