Programu ya Fundi Nembo

Mjomba wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Nembo, anadarizi nembo za sare za shule. Mashine yake inaendeshwa na kompyuta kuukuu. Ukiiwasha, una muda wa kwenda msalani, kunawa na kurudi. Mle ndani mlikuwa na programu moja, na nembo alizochora kwa miaka ishirini na miwili hazifunguki kwa programu nyingine yoyote.

Mwaka jana kompyuta ilianza kukohoa. Nikainakili programu kwenye diski, mke wa mjomba akaificha kabatini. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akanyamaza. Mjomba ni mtu wa kubisha hodi hata kwake: akaiandikia kampuni kuuliza kama anaruhusiwa kuwa na nakala ya pili.

Kampuni yenyewe ilishakufa zamani, ikamezwa na nyingine, nayo ikamezwa. Miezi minne baadaye wamezaji wakajibu kwamba programu hiyo hawaiuzi tena wala hawaihudumii, ila hakimiliki ni yao. Na kwa kuwa leseni ina jina la fundi mwingine aliyemuuzia mjomba mashine, mjomba aifute. Wakala atakuja kushuhudia. Hawali, na sahani hawaiachi.

Wakala akaja Jumanne, viatu vimejaa vumbi, amechoka kuliko sisi. Alikiri kwamba programu hiyo hajawahi kuiona. Mjomba akaifuta mwenyewe, kwa kidole kimoja, taratibu kama anayemfunika mgonjwa shuka. Wakala akatoa fomu, akauliza bila kuinua macho:

"Mzee, kuna nakala nyingine popote?"

Mkewe akakohoa kikohozi ambacho hata kiziwi angekielewa. Kalamu ya wakala ilishaanza kuandika "hakuna".

"Ipo kabatini," mjomba akasema. "Chini ya mashuka."

Wakala akamtazama kwa huruma, akafuta alichoandika, akaondoka na diski.

"Huyu mume wangu," mkewe akaniambia, "mwizi akimuuliza ufunguo uko wapi, atamchorea na ramani."

Mjomba akasema yeye aliulizwa, akajibu, basi. Hakuwa na nguvu za kubishana. Akamwaga mezani mfuko wa nembo za zamani, akachagua ya kwanza, akaanza kuinakili kwenye karatasi kwa penseli, uzi kwa uzi. Nikamuuliza ziko ngapi zote.

"Usinihesabishe, mjomba," akasema. "Nishikie rula."